Malori ya Vitunguu na Ukurasa wa Wanahisa Kumi

Mwaka 2015 nilinunua hisa kwa sababu ya ukurasa mmoja. Taarifa ya mwaka ya kampuni ile ilikuwa nene kama daftari la zamu, imejaa picha za wakurugenzi wenye tai na barua ndefu ya mwenyekiti wa bodi. Barua sikuisoma. Mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, sikuigusa. Nilifungua nyuma kabisa, penye orodha ya wanahisa kumi wakubwa, nikapitisha kidole kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya darasa la saba. Mifuko miwili ya hifadhi ya jamii. Mfuko mmoja wa uwekezaji kutoka Ulaya. Halafu majina matatu marefu yenye tarakimu mwishoni, kila moja likianza na jina la benki kubwa na kufuatiwa na neno Nominees. Nikafunga kitabu. Kama hawa wote wamo, mimi muuguzi wa zamu ya usiku ni nani hata niogope?

Kampuni yenyewe siitaji. Ipo mpaka leo, ina wafanyakazi wake na wateja wake, na hasara niliyopata ilitoka kichwani mwangu zaidi kuliko kwao. Nilitia shilingi milioni tatu na laki nne, malimbikizo ya mshahara niliyokuwa nikiyadai tangu nipandishwe daraja. Ukiwa na fedha ya namna hiyo, iliyokawia mpaka umeshaisahau, unaiona kama ya kuokota. Wenzangu wawili wodini walinunua viwanja. Mimi nikajiona mjanja kuwashinda.

Ni vizuri nieleze hali ya soko ilivyokuwa, maana ndiyo iliyonipa kiburi. Septemba 2014 serikali iliondoa ukomo wa asilimia 60 uliokuwa ukiwabana wageni kumiliki hisa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wageni wakaingia kwa kishindo. Sehemu kubwa ya fedha zilizokuwa zikizunguka sokoni ilikuwa yao, na bei za hisa za kampuni kadhaa zikapanda. Kwenye daladala za Arusha ungemsikia mtu anazungumzia hisa kama anavyozungumzia bodaboda aliyoipa kijana alete hesabu kila jioni. Mimi nikafungua akaunti ya CDS, ile ya kielektroniki ya kutunzia hisa, nikatuma fedha kwa dalali wa hisa Dar, nikasubiri.

Nilipokwenda nyumbani nikamsimulia baba. Kwetu ni Mang'ola, wilaya ya Karatu, kando ya Ziwa Eyasi, na baba amelima vitunguu tangu sijazaliwa. Anayekujua Mang'ola anajua habari ya malori. Yanakuja kutoka Kenya na kutoka miji yetu, na siku yanapopanga foleni bei ya gunia inapanda kabla ya saa sita mchana. Siku yasipokuja, vitunguu vilevile, vyekundu vilevile, vinakosa mwenyewe. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Hao wakubwa wako wanakaa, au wanapita?"

Nikacheka. "Baba, haya si mambo ya vitunguu."

"Sawa, mama," akasema, akaendelea kumenya muwa wake.

Walikuwa wanapita. Taarifa ya mwaka uliofuata ilipotoka, mfuko wa Ulaya haukuwemo tena na jina moja kati ya yale matatu marefu lilikuwa limetoweka. Bei ilikuwa imekwishaanza kuteremka miezi mingi kabla ya mimi kuliona hilo kwenye karatasi. Ndani ya miaka minne hisa zangu zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani, na katika muda wote huo kampuni ilikuwa ikipata faida. Si faida kubwa, lakini faida. Hilo ndilo lililonichanganya. Nilimpigia dada aliyekuwa akinihudumia pale kwa dalali.

"Mbona ile benki imeuza?" nikamuuliza. "Wao wanajua nini nisichokijua?"

"Benki gani, dada?"

Nikamsomea lile jina refu pamoja na tarakimu zake. Kimya kidogo, halafu nikasikia anajizuia kucheka.

"Dada yangu, benki haijawahi kuwa na hata hisa moja pale. Inamtunzia mtu. Hiyo ni akaunti ya utunzaji tu."

"Mtu gani?"

"Hilo halimo kwenye karatasi. Anaweza kuwa mfuko wa Afrika Kusini, anaweza kuwa tajiri wa Mikocheni."

Mwaka mzima nilikuwa nimejivunia kununua hisa pamoja na benki kubwa, kumbe benki ile ilikuwa kama kibanda cha kutunzia mizigo stendi. Begi liko kwake, mwenye begi yuko anakojua. Ukichukua taarifa za kampuni za Nairobi utaona jambo hilohilo kwa wingi zaidi: katika wanahisa kumi, wakati mwingine watano au sita ni akaunti za utunzaji za benki ileile, zinatofautiana tarakimu tu. Zinaweza kuwa za watu sita tofauti, au mwenye mali mmoja akawa na mbili. Msomaji wa kawaida hana namna ya kujua. Kuzihesabu kama sauti sita za kuunga mkono kampuni ni kujidanganya.

Sasa kwa nini mfuko wa Ulaya uliuza? Hapa nilitumia muda mrefu, na nadhani ndipo penye kiini cha jambo zima. Mwanzoni niliamini kuwa mkubwa akiuza ameona ubovu, kama daktari bingwa anayetoka chumbani kichwa chini. Taratibu nikaelewa kwamba mfuko ule nao una wenye fedha zao. Ni watu wa London au Stockholm waliowekeza kwenye kile kinachoitwa masoko yanayochipukia, na wakati fulani wanaamua wanataka fedha zao. Barua za kutaka kutoka zikifika, meneja lazima auze. Anauza nini? Anauza kile kinachouzika. Mara nyingi kinachouzika ndicho kilicho kizuri, kwa hiyo unaweza kuona hisa nzuri inatupwa kwa sababu ya wasiwasi uliozaliwa maelfu ya kilomita kutoka hapa, kuhusu nchi nyingine kabisa. Na kwa kuwa soko letu ni jembamba, mwenye hisa milioni mbili akitaka kutoka hakuna wa kumpokea kwa bei ya jana.

Mimi mwenyewe nililionja hilo kwa kiwango changu kidogo. Nilipoamua kuuza nusu ya hisa zangu, oda ilikaa wiki tatu. Wiki tatu, kwa hisa ambazo thamani yake haitoshi kununua pikipiki mpya! Nikafikiria: kama mimi nimekaa wiki tatu, huyo mwenye milioni mbili alikaa muda gani, na kila siku aliyosubiri aliisukuma bei chini kiasi gani?

Wazo la kuangalia wakubwa si la kijinga, nisieleweke vibaya. Taasisi ina wachambuzi wanaolipwa kusoma mizania ambayo mimi niliiruka. Inaweza kuomba kikao na mkurugenzi mkuu ikapewa. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Mwaka mmoja nilihudhuria mkutano mkuu wa wanahisa wa kampuni moja, ukumbi umejaa. Sisi wadogo tuliuliza mambo yetu: nauli, chakula cha mchana, kwa nini gawio, yaani mgao wetu wa faida, limechelewa, kwa nini kofia zimeisha kabla ya wengine kupata. Mzee mmoja alisimama kwa dakika kumi akipongeza bodi. Kisha mwakilishi wa mfuko wa pensheni, kijana mwembamba aliyekaa safu ya pili na taarifa iliyojaa vikaratasi vya rangi, akauliza swali moja kuhusu tanbihi fulani, yale maelezo madogo yanayofuata hesabu: deni ambalo kampuni dada ilikuwa inadaiwa, limekua mara mbili kwa mwaka, lina dhamana gani? Ukumbi ukanyamaza. Mkurugenzi wa fedha alijibu kwa uangalifu ambao hakuutumia kwa swali la kofia. Mwaka uliofuata nilikwenda moja kwa moja kwenye tanbihi ile, na deni lilikuwa limepungua. Siwezi kuapa kuwa swali ndilo lililofanya kazi hiyo. Ila mimi nisingejua hata pa kulitafuta.

Lakini nimeona pia upande wa pili: mwakilishi wa taasisi aliyesaini mahudhurio, akapokea begi, akalala. Hisa nyingi mkononi hazimfungui mtu macho.

Kuna mifano ya hadharani ambayo kila mwenye tabia yangu ya zamani angefaa kuitazama kwa utulivu. ARM Cement ya Kenya, iliyokuwa na kiwanda mpaka Tanga kwetu, ilimpata mwekezaji ambaye huwezi kumwita mdogo: CDC, shirika la serikali ya Uingereza la kuwekeza katika nchi zinazoendelea. Mwaka 2016 liliweka dola milioni 140 na kupata zaidi ya asilimia 40 ya kampuni. Fikiria mtu kama mimi anayefungua ukurasa wa mwisho na kukutana na jina hilo. Agosti 2018 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya madeni, na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa Nairobi. Miaka miwili tu. Dola milioni 140 zilikuwa ni fedha za kuokoa jahazi linaloingiza maji, na ukiangalia jina peke yake ungedhani ni abiria wa daraja la kwanza ameingia.

Uganda nako kuna Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa Uganda, NSSF, ndio uliokuwa mwanahisa wake mkubwa kuliko wote, na karibu asilimia 23. Mfuko mkubwa, wenye nidhamu, wa wafanyakazi wa nchi ileile. Ila mkataba wa Umeme ulikuwa wa miaka 20 na tarehe yake ya mwisho ilijulikana tangu siku ya kwanza. Machi 31, 2025 mkataba ukaisha, serikali ikachukua mtandao. Ililipa dola milioni 118, Umeme ikadai ni zaidi ya hapo kwa mbali, na shauri likapelekwa kwenye usuluhishi London. Kuwepo kwa NSSF hakukusogeza tarehe ile hata kwa siku moja. Mfuko wenye mabilioni unaweza kusubiri usuluhishi miaka mingi. Mimi mwenye ada ya mtoto ya Januari siwezi. Tunakaa kwenye orodha moja lakini subira zetu hazilingani.

Hapo ndipo swali la baba lilipoanza kunirudia usiku nikiwa zamu. Wanakaa au wanapita? Nikaona kwamba neno "taasisi" nilikuwa nimelitumia kama gunia moja la kutilia kila kitu. Mfuko wa kununua na kuuza kampuni huingia ukijua utatoka, maana nao umeahidi kuwarudishia watu wao fedha baada ya miaka kadhaa. Helios waliingia Equity Bank ya Kenya mwaka 2007 na karibu robo ya hisa, na kufikia 2015 walikuwa wametoka. Soko halikutikisika kama lile la kwangu, kwa sababu sehemu kubwa waliwauzia wakubwa wengine, Norfund, shirika la uwekezaji la Norway, ikiwemo. Lori limeondoka, lakini kabla halijawasha injini lingine limeshapanga nyuma yake. Kumbe la kuangalia ni pamoja na hilo: anayetoka anapokewa na nani?

Mifuko yetu ya pensheni ni habari nyingine. Hiyo haipiti, inakaa, na sababu ya kukaa kwake ilinichukua muda kuielewa. Kila mwezi inapokea michango mipya, na kila mwezi lazima iitafutie pa kuiweka: hati fungani za serikali (yaani kuikopesha serikali), majengo, amana benki, na hisa kidogo. Kampuni zilizoorodheshwa Dar ni chache, nyingine haziuziki kabisa. Kwa hiyo ukikuta mfuko wa pensheni kwenye orodha ya karibu kila kampuni kubwa, usifikiri kila mara ni kwamba wameipenda kuliko zote. Duka la kijiji likiwa moja, kila mtu atanunua sukari pale.

Nilipata ushahidi wa kuchekesha mwaka 2018. Serikali iliunganisha mifuko ya pensheni ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Kabla ya hapo, nilikuwa nikiona mifuko hiyo miwili au mitatu ndani ya orodha moja nahesabu: wawili, watatu, wote wamekubali! Baada ya sheria, majina yale yakawa moja. Hakuna hisa hata moja iliyouzwa, hakuna aliyebadili mawazo, ila kwa hesabu yangu ya vidole kampuni ingekuwa imepoteza wafuasi. Nikaacha kuhesabu vichwa.

Mpwa wangu anayeishi Minnesota ananiambia huko mambo ni wazi zaidi. Meneja yeyote mwenye hisa za zaidi ya dola milioni 100 analazimika kuzitangaza ndani ya siku 45 baada ya kila robo mwaka kwisha, na programu ya simu inamwonyesha asilimia zinazomilikiwa na taasisi, imepanda au imeshuka. Namwonea wivu kidogo, maana mimi nasubiri taarifa ya mwaka. Hata hivyo naye nilimuuliza: hao Vanguard na BlackRock, wasimamizi wakubwa wa fedha za watu, unaowaona kila mahali, wamechagua? Sehemu kubwa ya hisa zao wananunua kwa sababu kampuni imo kwenye faharasa, ile orodha ya kampuni inayotumika kupimia soko. Ikitolewa wanauza, hata kama ni nzuri. Na siku 45 sokoni ni muda mrefu. Lori linaweza kuwa limeshavuka mpaka wa Namanga wewe bado unasoma namba zake.

Kuna kosa jingine ambalo nililiacha mwisho kwa sababu lilikuwa la aibu zaidi. Nilikuwa namhesabu hata kampuni mama, yaani mwenye kampuni mwenyewe. Naona kampuni ya kigeni ina asilimia 60 na kitu ya kampuni ya hapa, nasema, "Wakubwa wanaiamini." Wanaiamini? Ni yao! Scancem, wa kundi la Heidelberg, wana asilimia 69.25 ya Twiga Cement. Huyo hakuja kununua hisa kama ninavyonunua mimi, huyo ndiye mwenye nyumba. Kinachonihusu ni kile kinachobaki baada yake, maana ndicho kinachouzwa na kununuliwa sokoni.

Hesabu hiyo niliifanya kwa mara ya kwanza kwa kalamu, kwa benki ya NMB. Hisa zake ni milioni 500. Arise, kampuni ya uwekezaji iliyozirithi kutoka Rabobank ya Uholanzi, ilikuwa na asilimia 34.9, na Serikali kupitia Msajili wa Hazina asilimia 31.8. Jumla 66.7. Hisa mbili katika kila tatu zimefungiwa kabatini, haziji sokoni leo wala kesho. Zinabaki kama milioni 166, na ndani ya hizo wapo wengine wasiouza kamwe. Ndiyo maana bei ilikaa palepale shilingi 2,340 muda mrefu hadi watu wakasema hisa ile imekufa. Kwa mtu anayetaka kununua leo na kuuza mwezi ujao, kweli ilikuwa imekufa.

Mimi nilikuwa nimechoka na haraka. Mwaka 2020 nilinunua hisa 800 kwa bei ile, na safari hii nilianzia kwenye faida, mikopo chechefu (ile isiyolipwa vizuri) na gawio, ukurasa wa wanahisa nikaufikia mwisho nikiwa na maswali tayari. Hawa wawili wanataka nini? Serikali inataka gawio, na kila mwaka inalipokea mbele ya kamera. Arise ni ya mashirika ya maendeleo na benki ya Uholanzi, nayo haikuja kwa ajili ya miezi mitatu. Wakubwa wote wawili wanakula pale ninapotaka kula mimi. Gawio la mwaka 2020 lilikuwa shilingi 137 kwa hisa. Baada ya kodi ya asilimia 5 nilipata shilingi 104,120. La mwaka 2023 lilikuwa 361, nikapata 274,360. Bei nayo iliamka baadaye, lakini sikuwa nimeisubiri. Faida ya benki ingeporomoka, wakubwa hao wawili wasingenizalia gawio kwa uwepo wao.

Hilo nalisema kwa sababu nimeona lingine. Benki ya CRDB, mwaka 2015, iliuza hisa stahiki, yaani hisa mpya zinazotolewa kwanza kwa wanahisa waliopo, kwa shilingi 350. Mfuko wa uwekezaji wa DANIDA, shirika la maendeleo la Denmark, ulikuwa na takriban asilimia 21, mifuko ya pensheni ipo, wote watu wa kukaa. Wakakaa. Na mwaka 2019 bei ilikuwa karibu na shilingi 95. Sikuwa nazo wakati huo, nilitazama tu kama mtu anayetazama mvua ya mawe kwenye shamba la jirani. Walioshikilia waliona bei ikirudi na kupita pote ilipowahi kufika, lakini ilirudi faida ya benki ilipopanda. Wakubwa walikuwepo wakati wa kushuka na walikuwepo wakati wa kupanda, walewale.

Siku moja nikipitia hati yangu ya mshahara ndipo nilipoona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote. Makato: PSSSF, asilimia 5. Mwajiri anaongeza 15. Yule mkubwa niliyekuwa namtafuta kwenye ukurasa wa nyuma ili anitie moyo ananunua kwa fedha yangu mimi na ya wenzangu wa wodini, wakiwemo wale wawili wenye viwanja. Nilikuwa nimetazama kioo nikadhani ni dirisha. Nilimwambia muuguzi mwenzangu, akaniuliza kama maana yake tunaweza kwenda kwenye mkutano mkuu kuchukua kofia.

Ile nusu ya hisa za 2015 niliyobaki nayo bado ninayo. Gawio lake linatosha mfuko wa sukari na mchele kidogo. Baba huniuliza habari zake kila ninapokwenda, na mimi humuuliza habari za malori. Mwaka huu anasema amepanda nusu tu ya shamba mpaka ajue nani anakuja.

Juzi mdogo wangu wa mwisho, mwalimu Babati, alinitumia ujumbe saa tano usiku. Ameshika fedha ya mkopo wa SACCOS, ameona kampuni. "Dada, PSSSF wamo, na benki tatu za kigeni."

Nikamwomba anipigie picha ukurasa wenyewe. Akautuma. Benki zote tatu zilikuwa na neno Nominees na tarakimu nyuma. Nikamuuliza mkopo anaanza kuulipa lini. Mwezi ujao, akasema. Nikamuuliza taarifa hiyo ni ya mwaka gani, akakaa kidogo ndipo akajibu kwamba jalada limechanika. Picha yenyewe ilikatwa chini, inaishia namba sita. Nikamwandikia apige tena, saba mpaka kumi hazionekani, na atume pia kurasa za mizania.

"Zote?" akauliza. "Ni nyingi, dada."

"Zote. Nipo zamu mpaka asubuhi."